Kitovu cha Granaz

Kwa miaka arobaini na zaidi, vijiji vile vilivyojikunyata chini ya mlima Taftan, upande wa Khash, havikupata mtoto ila amepita kwanza mikononi mwa Mahatun. Wawili watatu walizaliwa njiani kwa haraka zao wenyewe, na hao walitaniwa maisha yao yote kwamba ndiyo maana hawana adabu. Mahatun alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na ulimi ambao wanawake walisema hukata kabla ya wembe. Mzazi akipiga kelele nyingi alimwambia, "Nyamaza, binti. Na mamako alidhani anakufa siku ya kukuzaa wewe, na juzi nimemwona sokoni anagombania nyanya."

Akizaliwa mtoto wa kiume, alikata kitovu na kazi ikaisha. Akizaliwa wa kike, palikuwa na jambo. Mahatun aliinua wembe, akasita, akauliza: "Kwa jina la nani?" Nyanya au shangazi aliyekuwapo alitaja jina la mvulana, mwana wa ami yake mtoto, na Mahatun akalirudia jina lile huku akikata. Kisha alitoka nje akawatangazia wanaume. Tangu hapo yule binti alikuwa na mwenyewe, hata kama mwenyewe bado analowesha nguo. Watu wa kwao waliweza kugombana juu ya maji ya mfereji, juu ya mbuzi, juu ya mpaka wa shamba la ngano, lakini jina lililotajwa juu ya kitovu halikugombaniwa. Damu nzito kuliko maji, walisema, basi kwa nini umpelekee mgeni damu yako?

Yeye mwenyewe kitovu chake kilikatwa kwa jina la Pirdad, mwana wa ami yake. Aliolewa naye akiwa na miaka kumi na mitano, na alimpenda. Hilo lazima lisemwe, maana watu siku hizi hudhani mambo ya zamani yote yalikuwa kilio. Pirdad, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maskhara, mpiga filimbi, na alikuwa akimwita mkewe "mkuu wa wilaya" kwa jinsi alivyoamuru watu.

Walizaa watoto watano. Wakabaki nao wawili.

Wa kwanza kufa alikuwa msichana. Kitovu kilidondoka siku ya sita, siku ya kumpa jina, wanawake wakaimba na kula na kuchoma mbegu za kufukizia jicho baya. Kesho yake Mahatun alipomfungua kitambaa aliona damu mahali pa kitovu, kidogo tu, kama mtu aliyejichoma sindano. Akaweka jivu la kitambaa kilichounguzwa. Damu ikakatika. Akamshukuru Mungu. Jioni ikarudi. Akaweka tena, ikakatika tena, asubuhi ikarudi. Hilo ndilo lililomtia wazimu, kwamba kila mara ilikatika, kila mara alishukuru. Siku ya tatu mtoto alikuwa mweupe kama unga, akafa bila hata kulia.

Wa pili alikufa vivyo hivyo. Wa tatu, mvulana, Dostin, alitoka damu kidogo kitovuni lakini akapona, na wakafanya karamu. Akafika miaka minne, mtundu, mwenye kuiga sauti ya kila mnyama. Siku moja aliteleza kwenye kizingiti akagonga kichwa. Alilia kidogo, akacheka, akala mkate na maziwa ya mgando, akalala. Kesho yake saa nne asubuhi alisema kichwa kinamuuma. Alasiri hakuamka tena.

Watu walijua sababu, kama watu wajuavyo siku zote. Walisema ni yule jini wa uzazi anayenyemelea wazazi na watoto wachanga, na kwamba Mahatun, ambaye kila nyumba aliwawekea wenzake kisu chini ya mto ili kumfukuza, nyumbani kwake aliweka kisu butu. Mwanamke mmoja akasema kisimani, tena kwa sauti ili isikike, "Watoto wa watu anawashika vizuri. Wa kwake wanamponyoka." Mahatun alijaza mtungi wake, akaubeba, akaenda zake. Neno lile alilibeba pamoja na mtungi, na mtungi aliutua.

Na aliona mambo mengine pia. Aliona kwamba vitovu vya kutoka damu havikuwa katika kila nyumba. Vilikuwa katika nyumba fulani fulani, nyumba za ukoo wao, zilizooana na kuoana mpaka ukimwita mtu ami huna hakika kama si shemeji. Aliona, akanyamaza. Kusema kungekuwa sawa na kusema kwamba damu yao ina kasoro, na nani angempa mkunga mkate baada ya hapo?

Kisha akazaliwa Granaz.

Alikuwa binti wa Shehak, mwana mdogo wa Mahatun. Siku hiyo upepo wa vumbi ulikuwa mkali kiasi kwamba hakuna mwanamke aliyeweza kuvuka ua kuja kusaidia. Chumbani walikuwamo mzazi na mkunga tu, na mzazi alikuwa amezimia. Mahatun akainua wembe. Hakuwapo wa kumuuliza, akajijibu mwenyewe. Alimtaja Hammal, mjukuu wake mwingine, mwana wa Dadrahman, aliyekuwa na miaka miwili. Alilitaja jina wazi, akakata. Akatoka nje huku amejifunika uso kwa ushungi na kupiga kelele ishinde upepo: "Wa kike! Nimemkatia kwa Hammal!" Dadrahman alifurahi akapiga risasi mbili hewani, na mvumo wa upepo ukazimeza.

Siku ya nane kitovu cha Granaz kikatoka damu.

Safari hii Shehak hakungoja jivu. Alimfunga mtoto kifuani, akapanda pikapu ya jirani, akaenda naye mpaka hospitali ya Zahedan. Walikaa siku kumi na mbili. Waliporudi, mtoto alikuwa hai, mwekundu, ananyonya kwa pupa, na Shehak alikuwa na karatasi yenye jina refu la ugonjwa ambalo hakuna aliyeweza kulisoma. Mahatun alimshika yule mtoto akamnusa kichwani. Hakuwahi kuona aliyetoka damu nyingi kitovuni akarudi mwekundu hivyo. Na ukoo mzima ukafasiri jambo lile kwa namna yake: jina la Hammal ndilo lililomshikilia. Ahadi ndiyo iliyofunga kitovu. Ole wake atakayeivunja.

Miaka ikapita, Granaz akichomwa sindano ya mshipa kila wiki ya nne katika nyumba ya afya ya kijiji, na mpelekaji wake alikuwa bibi yake. Mhudumu wa pale alikuwa Sammul, binti wa kijiji cha jirani aliyesomea Zahedan akarudi na miwani na subira. Siku moja, Granaz akiwa na miaka saba, Mahatun aliuliza kile alichokuwa ameogopa kuuliza.

"Dada Sammul, hii dawa inafanya nini hasa?"

Sammul akautazama mkono wa gauni la Mahatun, uliojaa mapambo ya nyuzi nyekundu kama ya wanawake wote wa kwao. "Mama, ukimaliza kudarizi unafanya nini na uzi?"

"Nafunga fundo. Swali gani hilo?"

"Na usipofunga?"

"Utashika leo, kesho utafumuka."

"Basi. Damu ya Granaz inashona vizuri, kidonda kinaziba kama cha mtu yeyote. Lakini haina kile cha kufungia fundo. Ndiyo maana inakatika, watu wanafurahi, halafu inarudi. Sindano inampa fundo la mwezi mmoja."

Mahatun alizishika nyuzi za mkono wa gauni lake. Alikuwa anahesabu siku za watu waliokwisha kufa. "Kwa hiyo si jini."

"Si jini, Mama. Ni sisi. Kuna ile nyingine iitwayo hemofilia, mara nyingi mama huibeba bila kujua na mtoto wa kiume ndiye anayeiugua. Hii yetu haichagui, kike na kiume ni sawa. Kila mtu ana fungu moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye fungu moja bovu na moja zima anatembea, anakula, anazaa, hajui kitu. Wakikutana wawili namna hiyo, mtoto anaweza kurithi mafungu mabovu yote mawili. Na mafungu hayo hukutana zaidi kwa wenye damu moja."

"Mimi na Pirdad."

Sammul akainamia vyombo vyake, kwa kuwa alikuwa na adabu.

Mahatun akatoka nje, akakaa chini ukutani kwenye jua, akalia kama hakulia hata siku walipomzika Dostin. Aliwalilia wanawe watatu, akawalilia na wale wa nyumba nyingine, ambao yeye kwa mkono wake, kwa wembe wake, aliwatafutia baba na mama kabla hawajafikiriwa. Granaz alitoka na pamba mkononi akamwuliza, "Bibi, na wewe umechomwa?"

Tangu siku ile hakushika wembe tena. Alisema macho yamemwishia. Wazazi wakaanza kwenda hospitali ya mjini, na watu wakasema ni maendeleo. Sababu hasa hakumwambia mtu. Angeweza. Angesimama katikati ya wanawake akawaeleza, na pengine wangemsikiliza kuliko daktari. Lakini alinyamaza, kama alivyozoea, na kunyamaza huku hakumpi mtu sifa.

Granaz akakua. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mkono mwepesi wa kudarizi kuliko wote, na mdomo aliorithi mahali panapojulikana. Hammal naye akawa fundi wa pampu za visima, kijana mwenye grisi kwenye kucha na haya usoni. Akija kwa bibi yake kunywa chai, Granaz humwekea kikombe mbali ili amlazimu kunyoosha mkono.

"Umejikata tena," anamwambia. "Kidole kimefungwa kama mtoto wa sultani."

"Ni bisibisi. Iliteleza."

"Mimi nachomwa mshipani kila mwezi sijasema hata ah. Wewe bisibisi tu umeita jamaa wote."

"Ndiyo maana nataka kukuoa. Nyumba inahitaji mwanamume mmoja."

Bibi alijifanya hasikii. Wazee wa kwao husikia kila kitu, na hujifanya hawasikii, na hivyo ndivyo vijana hupata nafasi ya kupumua.

Granaz alipotimiza miaka kumi na tisa, harusi ikaanza kusemwa. Sammul akasema kabla ya yote Hammal apimwe damu. Jibu likarudi kutoka maabara: Hammal mzima, lakini amebeba fungu moja bovu. Maana yake, kila mimba ya Granaz ingekuwa nusu kwa nusu, mtoto mgonjwa au mzima. Na Granaz mwenyewe, bila dawa, mimba isingekaa tumboni hata kidogo.

Shehak, babake Granaz, alipoambiwa hayo akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Yeye ndiye aliyekwenda Zahedan na mtoto kifuani anayevuja, na tangu siku hiyo alimlinda binti yake kama yai. Alitaka abaki nyumbani, asiolewe na yeyote, aishi. Lakini neno lilikuwapo, na Dadrahman kaka yake alilishikilia. "Neno ni neno," alisema Dadrahman. "Mama alitoka nje akalitangaza, na mimi nikapiga risasi. Leo uje uniambie karatasi ya maabara imelifuta?" Wakakubaliana kukaa kikao, wao wawili na wazee wanne wa ukoo, siku ya Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri.

Jumatano asubuhi Mahatun alimkuta Granaz anadarizi kanzu ya harusi. Alikaa karibu naye, akashika ncha ya kitambaa.

"Mjukuu wangu, unaogopa?"

Granaz hakuinua uso. "Mtakavyoona nyinyi wakubwa, Bibi."

Msichana wa kwao akiulizwa habari ya ndoa hujibu hivyo, awe anataka au hataki. Mahatun mwenyewe alijibu hivyo alipoulizwa juu ya Pirdad, na moyoni alikuwa anaruka kama mbuzi. Lakini mtu husikia lile alilokuja kulisikia. Yeye alikuwa amekuja na makaburi matatu, akaona kichwa kilichoinama, akakiita hofu. Hakuuliza mara ya pili.

Alhamisi wakamwita. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya zulia wameegemea mito, chai mbele yao. Akina mama walikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, na Granaz miongoni mwao.

"Mama," akasema Dadrahman kwa heshima, "hatuna haja ya maneno mengi. Mama yake Granaz anasema alikuwa hajitambui, hakusikia kitu. Uliyekuwapo ni wewe. Waambie wazee hawa: kitovu cha Granaz ulikikata kwa jina la nani?"

Mahatun akatazama mikono yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na hajawahi kusema uongo juu ya kitovu. Jina lake lote, heshima yake yote, vilikuwa juu ya hilo. Akafumba macho.

"Sikutaja jina," akasema.

Chai ya mtu ikamwagika.

"Unasema nini, Mama? Ulitoka ukapiga kelele, nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Nilisema ili mfurahi. Nilikuwa nimechoka. Upepo ulikuwa mkali. Nilikata kitovu kitupu, kisha nikawaambia nilichojua mnataka kusikia."

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, ambaye mkewe alikatiwa kitovu na Mahatun, akacheka kwa uchungu. "Haya, jamani. Kumbe wake zetu wote tumewapata kwa kubahatisha. Nami niliyevumiliwa miaka thelathini nilidhani ni kwa sababu ya neno."

Hakuna aliyecheka naye. Shehak aliinuka, akapiga magoti, akambusu mamake kichwani machozi yakimtoka. "Umeniokolea mwanangu," akamnong'oneza. Dadrahman alimtazama mamake kwa muda mrefu, kisha akavaa viatu akaondoka. 

Mahatun alirudi nyumbani kifua chake kikiwa chepesi. Watu wangemwita mwongo mpaka afe. Hilo alilikubali. Alilinunua kwa hiari, na bei aliiona ndogo.

Dadrahman hakukawia. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wazee hana subira. Wiki haikuisha akawa amemposea mwanawe binti wa dada ya mkewe, huko Iranshahr. Hammal alikataa siku tatu mfululizo. Siku ya nne babake alivua kilemba akakiweka chini, miguuni pa kijana, na kwao hakuna mwana anayeweza kuruka kilemba cha baba yake. Hammal alikiokota, akakibusu, akamrudishia.

Siku ya sindano ikafika. Granaz na bibi yake walikwenda nyumba ya afya bila kuzungumza njia nzima, na Mahatun akadhani ni huzuni ya kawaida ya msichana, itapita. Sammul akafunga mlango. Mikono yake ilikuwa inatafuta vitu na kuviacha.

"Bi Mahatun, niambie wewe. Nani alikuambia Granaz hawezi kuzaa, hata ukalikana jina?"

"Ulisema mwenyewe. Mimba haikai."

"Nilisema bila dawa! Bila dawa, Mama! Kwa dawa ya mara kwa mara inakaa, wako wanawake wamezaa, mmoja yuko Khash hapo. Na mtoto anaweza kupimwa akiwa tumboni miezi ya mwanzo, akijulikana ni mgonjwa wanaamua wao, au anazaliwa na dawa inamngojea kitandani. Hizi si siku za jivu." Akavua miwani. "Walikuja hapa wote wawili, yeye na Hammal. Walikaa hapo ulipokaa wewe. Niliwaeleza kila kitu, hata ya kunitia haya mimi. Hammal alisema wakishindwa kuzaa basi watakaa wawili, watoto wa nduguze wanatosha kumvunjia vyombo."

Mahatun akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Mbona hawakuniambia?"

"Wangekuambiaje? Mjukuu amwambie bibi yake habari za mimba, tena kabla hajaolewa? Wewe ungemwambia bibi yako?"

Asingemwambia. Angekufa kwanza.

Granaz alikuwa amekunja mkono wa gauni, anangoja sindano. Alisema bila kupandisha sauti, na afadhali angepiga kelele. "Baba asingenitoa, Bibi. Si kwa Hammal, si kwa mtu. Kilichokuwa kinamfunga ni lile neno lako tu. Watu wote walikuwa na lao la kusema juu yangu, na upande wangu kulikuwa na hilo moja."

"Granaz..."

"Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimejipaka wanja, nangoja uliseme."

Mahatun aliondoka pale hata sindano haijamalizika. Alitembea juani, miguu ikiuma, mpaka nyumba ya Dadrahman, akamkuta zizini anachagua kondoo wa karamu.

"Mwanangu, nilidanganya. Jina nililitaja. Nilimtaja Hammal, kwa sauti, wembe ukiwa mkononi. Naapa kwa kaburi la Dostin."

Dadrahman akamwachia kondoo aliyemshika. "Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Nilijua palepale. Tangu utotoni nakuona, ukisema kweli unamtazama mtu mpaka anainamisha macho yeye. Siku ile ulifumba."

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nisimame mbele ya wazee niseme mama yangu mzazi mwongo?" Akapangusa manyoya mikononi. "Niliona heri nipoteze mke wa mwanangu kuliko kukuvunjia heshima. Na sasa nimewapa watu wa Iranshahr neno, mbele ya mashahidi. Wao wamekosa nini?"

Mahatun akawahesabu mmoja mmoja. Kila mtu katika ukoo ule alikuwa amefanya la adabu. Granaz alijibu kwa adabu, Hammal aliokota kilemba kwa adabu, Dadrahman alinyamaza kwa adabu, na yeye peke yake aliyevunja adabu aliivunja pasipostahili. Alikaa chini katikati ya kondoo, na mwanawe mwenye ndevu za mvi akakaa chini karibu naye, wakalia wote wawili.

Harusi ya Hammal ilifanyika mwezi uliofuata, na sindano ya Granaz ikaangukia siku iyo hiyo, kwa kuwa wiki ya nne haijui karamu. Mahatun alikuwa amealikwa kama mama mkubwa wa nyumba. Hakwenda. Alijifunga ushungi, akatoka akamkuta Granaz mlangoni tayari, wakaongozana. Njiani waliwapisha wanawake wawili wenye sinia za mapambo, waliowasalimu haraka na kuangalia pembeni.

Katika nyumba ya afya ngoma zilisikika vizuri, upepo ulikuwa unatoka upande huo. Sammul alifanya kazi yake, akatoa sindano, akaweka pamba, akaenda kunawa. Kama kila mwezi kwa miaka yote ile, Mahatun akaushika mkono wa mjukuu wake, akabonyeza pamba kwa kidole gumba. Granaz hakuuondoa mkono. Aliugeuzia uso wake dirishani.

Huko nje wanawake wakaanza vigelegele. Bwana arusi alikuwa anatolewa.

"Bibi, unabonyeza sana. Unaniumiza."

Mahatun akalegeza kidole. "Nisamehe."

"Kwa sindano?"

"Kwa yote, mama yangu. Kwa yote."

Granaz alisikiliza vigelegele mpaka vikapungua, vikahamia ng'ambo ya kijiji, vikabaki vya mtu mmoja mmoja. Kisha akachukua pamba kutoka kwa bibi yake, akaitazama kama bado inatoa damu, akashusha mkono wa gauni.

"Kwa sindano nimekusamehe," akasema.